Gari la Kinyozi Halilali Tambarare

"Gari hili, dada, tangu litoke kiwandani halijasukumwa hata na upepo!"

Kinyozi alitamka hayo asubuhi, katikati ya barabara ya sokoni, kichwa nje ya dirisha na kiwiko kimetulia juu ya mlango kama cha waziri. Aliyekuwa akiambiwa ni msichana mpima ardhi, aliyesimamisha magari yote ili apime barabara. Alivaa kizibao cha rangi ya chungwa, buti zenye tope na hereni kubwa kama bangili.

"Sijauliza kama linasukumwa," Mpimaji alisema. "Nimekuomba ulizime, dakika tano tu. Unanifukiza kama nyuki."

"Injini ya zamani haizimwi ovyo, dada. Ina heshima zake."

"Na huo mlango mwekundu, mbona gari lenyewe la bluu?"

"Urembo huo. Mbona mimi sijauliza hizo hereni zinafuata nini kwenye buti?"

Mpimaji akacheka mpaka akakiegemea kipimio chake cha miguu mitatu, na vipimo vya asubuhi nzima vikaharibika. Nyuma madereva walipiga honi, wakatukana, wakakata tamaa. Hao wawili walikuwa wanapeana namba za simu.

Kinyozi alipokunja kona tu, mkokoteni ukamkatia njia. Akafunga breki, gari likazima. Wapagazi wawili na muuza nyanya walilisukuma hadi likakohoa, likawaka. Ndiyo hayo ya upepo.

Nayajua haya kwa sababu mimi ni binamu yake, nanyoa kiti cha pili dukani kwake. Gari lile Kinyozi alilijenga mwenyewe kutoka magari matatu mabovu: bodi ya la kwanza, injini ya la pili, mlango wa la tatu. Starta ilikufa siku nyingi, na kiwanda kilichoitengeneza kilikufa kabla yake. Ili liwake zilibaki njia mbili, watu wa kusukuma au mteremko. Unaliegesha juu, unatoa mawe chini ya magurudumu, linaserereka lenyewe, unaachia klachi katika gia ya pili, unaomba Mungu.

Lakini lilikuwa zuri, jamani! Taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka, viti vya ngozi vinanukia kama mkoba mpya. Watu walionuna tangu Jumapili walitabasamu likipita. Mpimaji alipopanda mara ya kwanza, na gauni lake la njano na kitambaa kichwani, alipunga mkono kwa watu asiowajua mtaa mzima.

Mapenzi yakanoga. Simu zikawa haziishi, na wateja wakawa wananyolewa kwa mkono mmoja.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nitakulaje na wewe uko mbali?"

"Mbali? Nipo nyuma ya soko! Kula huko, usinitie kesi."

Kilichomshinda Mpimaji ni adabu ya yule bwana. Kila wakifika mahali, Kinyozi alishuka mbio, akazunguka gari, akamfungulia mlango. Wenzake ofisini waliposimuliwa walishika vifua.

Kasoro zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuingia kwao hata siku moja. Alisimama nje, injini inanguruma, akapiga honi.

"Mama anauliza kama unatuogopa."

"Mwambie nina haraka, kipenzi. Wateja."

"Jumapili?"

"Hata Jumapili nywele zinaota."

Ya pili, alichagua sana mahali pa kukaa. Mkahawa wa juu karibu na hospitali, sawa. Bustani ya tangi la maji, sawa. Mkahawa wa stesheni, wenye muziki na samaki watamu, hataki kuusikia.

"Pale chai yao ni maji ya kuoshea vikombe," alisema, na hakuwahi kukanyaga.

Sasa, mtaa wetu ni bapa kama meza. Una kichochoro kimoja tu chenye mteremko, na juu kabisa ya kichochoro hicho anakaa Mpambaji wa maharusi, mwanamke ambaye akipita, hata saa za ukutani zinachelewa. Gari la Kinyozi lilikuwa linalala getini kwake, Kinyozi anarudi kwake kwa miguu.

Alhamisi moja, saa kumi na mbili asubuhi, kazi ikamleta Mpimaji kwenye kichochoro hicho. Akakuta gari lina umande, mawe yamewekwa vizuri chini ya magurudumu, na Mpambaji amejifunga khanga, anapiga mswaki huku ameegemea boneti.

"Dada, samahani, gari hili ni la hapa?"

"Hili?" Mpambaji alitema povu la dawa ya meno. "Linalala hapa kila siku."

Dakika hiyohiyo simu ya Kinyozi ikalia dukani, ndiyo kwanza tumefungua.

"Umelala wapi?"

"Nyumbani, laazizi. Mbona sauti hiyo?"

"Na gari limelala wapi?"

Kinyozi alikohoa kama gari lake.

"Nakuuliza wewe!"

"Limelala... juu kule. Kwa Mpambaji."

"Kwa nini?"

"Pana hewa nzuri."

"Hewa! Gari ndilo linalotaka hewa?" Sauti ya Mpimaji ilikatika kidogo, ikarudi na makali. "Sikiliza. Nimepewa kazi ya kupima barabara mpya, mbali, miezi minane. Nilitaka kuikataa kwa ajili yako. Leo naenda kusaini. Jumatatu naondoka, na namba yangu uifute."

Kinyozi alirudi kwenye kiti chake, akamnyoa mteja sharubu upande mmoja, akamwambia tayari.

"Mwambie ukweli!" nilimfokea.

"Nimwambie nini? Niliapa mbele ya soko zima! Afadhali aniite mhuni kuliko aniite mwongo wa gari."

"Basi utabaki na gari."

Alikaa anakitazama kioo kama mtu aliyekosewa kunyolewa.

Ijumaa mchana Mpimaji alikuwa ofisini, anamalizia ramani ya mji kabla ya safari. Alichora ile mistari ya kuonyesha miinuko, machozi anayafuta kwa kiwiko ili yasidondokee wino. Mkono wake ukapita mkahawa wa hospitali: mteremko. Bustani ya tangi: mteremko. Ukafika stesheni: bapa. Nyumbani kwao: bapa. Kwa Mpambaji...

Akaweka kalamu chini. Akachukua rula, akapima mwinuko wa kichochoro kile mara mbili, kisha akacheka peke yake mpaka bosi akachungulia mlangoni.

"Kuna nini?"

"Hewa nzuri, bosi!"

Akapiga simu. "Njoo ofisini kwetu. Sasa hivi. Unikute uani."

Tulienda wawili. Mahali tambarare Kinyozi haendi bila mimi. Uwanja wa ofisi ya wapima ardhi ulikuwa umenyooka kama maji ndani ya beseni, na Mpimaji amesimama katikati, gauni la njano, mikono kiunoni.

"Zima gari, tuongee."

"Tunaweza kuongea hivihivi, mpenzi."

"Zima. Ukiondoka linanguruma, usirudi tena."

Kinyozi alimtazama, akautazama usukani. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Akageuza ufunguo, injini ikanyamaza. Hata ndege tuliwasikia.

"Sasa liwashe."

"Haliwaki," alisema kwa sauti ndogo. "Halijawahi kuwaka. Tangu nilijenge linasukumwa. Wapagazi wa soko lote wananijua. Kwa Mpambaji nafuata mteremko, yeye mwenyewe hata simjui anaitwa nani."

"Ndiyo maneno niliyoyataka." Mpimaji alijikaza asicheke. "Na kunifungulia mlango?"

"Kitasa cha ndani hakipo."

"Mungu wangu! Na mimi nimetamba ofisi nzima!"

Dirishani, ofisi nzima ilikuwa imejipanga inasikiliza. Wakashuka wote, bosi, makarani na mlinzi. Mpimaji akavua viatu, akaweka mabega yake nyuma ya gari. Likaenda, likakohoa, likawaka kwa kishindo. Kinyozi hakuthubutu kusimama, akawa anauzunguka mlingoti wa bendera.

"Utakubali nikuoe?" alipiga kelele mzunguko wa kwanza.

"Jumatatu naondoka!" Mpimaji alimjibu akihema.

"Nitakuja kukuona!" mzunguko wa pili. "Huko kukoje?"

"Milima mitupu!"

"Alhamdulillahi!" mzunguko wa tatu. "Basi utakubali?"

"Nakubali! Nenda ukamwambie mama, na leo uingie ndani!"

Watu wakapiga makofi. Na kusema kweli, bila kujisifu, siku ile hakuna aliyesukuma kama mimi. Mabega yaliniuma wiki nzima.

Nimemaliza kuusoma ukurasa huu kwa sauti hapa dukani, na mteja niliye naye kitini, mlinzi wa ile ofisi, amenishika mkono wenye mashine.

"Wewe? Si ulikuwa umekaa kiti cha nyuma, unatuambia tukaze?"