Asali ya Ghubaish na Pasi ya Moza

Katika milima yetu ya Ras al-Khaimah, asali ya mkunazi ya Ghubaish ilikuwa nzito mno. Nzi akitua juu yake, anazeekea hapohapo. Usicheke. Mimi nimewaona wenye mvi.

Asubuhi moja Ghubaish, baba wa Saif, alimfungia punda mtungi wa asali hiyo. Mkewe, Moza, alikuwa na mtoto wa jicho. Alishaanza kumimina kahawa nje ya kikombe. Daktari alisema, "Mpeleke Bombay upesi, la sivyo hataona tena." Na safari hiyo ilitaka pasi.

"Naenda barazani kumpa Shekhe asali, anipe pasi," alisema Ghubaish.

Shida zetu zote tulizipeleka huko, hata ugomvi wa mbuzi.

Jioni alirudi na mtungi wake, umejaa vilevile.

"Wameninywesha kahawa mpaka natetemeka," alilalamika. "Lakini pasi hawana!"

Jirani yao, Bi Afra, alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alicheka.

"Baba Saif, zamani Shekhe ndiye aliyekuwa akitoa pasi. Siku hizi tuna Muungano wa emirati saba, kila moja na Shekhe wake."

"Kwa hiyo Shekhe wetu kapokonywa kazi?"

"Hata kidogo! Chukua nyumba moja yenye vyumba saba. Kila chumba kina mwenyewe. Ardhi na mali iliyomo ndani yake ni ya chumba chetu, yaani emirati yetu. Lakini lango la nje ni la wote. Pasi, jeshi na sarafu ni kazi ya Muungano. Halafu kuna manispaa, wanaofagia soko. Katiba imegawa kazi, mtu asimkanyage mwenzake."

Ghubaish alitikisa kichwa. "Loo! Waliopanga hayo wana akili kuliko mbuzi wangu."

Kwake hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

"Na kuliko wewe," alidakia Moza. "Kesho nipeleke langoni!"

Wakaenda ofisi ya Muungano. Pasi ikatoka. Bombay wakamtoa Moza mtoto wa jicho.

Siku ya kurudi, Moza alimkazia macho mumewe. "Kumbe umezeeka hivi!"

Walipopita sokoni, akasimama. "Na jaa hili limeanza lini?"

Ghubaish akageuza punda. "Ngoja nikalete asali, niende barazani."

"Weee, Baba Saif! Takataka ni kazi ya manispaa. Mlango wao ule pale, nauona. Twende, na asali yako ibaki nyumbani. Safari hii nataka kuila mwenyewe."