Panya wa Maji Matupu

Walikutana kwenye lifti iliyojaa watu hadi mlango unagoma kufunga. Dada mtafiti alikuwa na koti jeupe lililonyooka kwa pasi, na mtunza panya wa maabara amekumbatia gunia la maranda lililotoboka. Kufika ghorofa ya nne, koti lote maranda.

"Hebu ona ulivyonifanya!"

"Samahani, Daktari. Ila bado umependeza."

Akacheka bila kupenda. Baada ya miezi mitatu wakawa wanapigiana simu mara tano kwa siku.

Sasa sikia jamaa alichomfanyia. Katika utafiti wa dada, nusu ya panya aliowatunza jamaa walikuwa wakipewa dawa ya sonona, nusu maji matupu. Kisha bongo zao zipimwe serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli hadi seli. Shahada ya uzamivu ya dada wa watu ilitegemea tofauti ya makundi hayo mawili. Majibu yakaja, tofauti hakuna. Wa maji matupu nao serotonini yao imepanda!

Akampigia simu. "Umewafanya nini panya wa vizimba vya kushoto?"

"Wale, mpenzi? Niliwahurumia tu."

"Usiniite mpenzi! Uliwahurumiaje?"

"Wenzao wanapata dawa, wao hawapati kitu. Kila asubuhi nikawa nawapakata kidogo, nawasemesha."

"Unawasemesha! Wiki sita unanibembelezea panya! Nani alikwambia wepi hawapati dawa?"

"Wewe. Siku ile tunakula, ukanilisha kijiko na siri juu."

Akakata simu. Hasira zilimjaa, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba jamaa alisema kweli. Mtunza panya hatakiwi kujua nani anakunywa nini, na aliyeropoka ni yeye. Angeweza kumtupia lawama zote, jamaa afukuzwe siku hiyohiyo, yeye abaki msafi.

Alimweleza profesa anayemsimamia yote, akaanza na kosa lake. Akaamriwa arudie utafiti mzima, miezi minane, na mtunza mwingine. Jamaa akahamishiwa kwa sungura.

Dada alimkuta jamaa koridoni na sare yake ya kijani, macho mekundu.

"Nilidhani utanitaja peke yangu."

"Nilitamani! Wewe mtu unanichosha, sijui hata nikufanye nini."

"Niache?"

"Ukikanyaga tena chumba cha panya, nakuacha."

"Na nisipokanyaga?"

"Nioe basi, nipumzike!"