Namba Iliyovaa Sura Nyingi

Sikuiona ile nafasi iliyoachwa kati ya tarakimu za simu. Jedwali la wakulima lilikuwa mbele yangu tangu asubuhi, nami, mchambuzi wa data wa polisi, nilitazama majina tu, kwa kuwa mshukiwa alikuwa tayari mahabusu.

Ghala la chama cha wakulima pale Uyole lilikutwa tupu. Mbegu za viazi zilizotengwa kwa ajili ya wakulima wa vilima vya Iringa zilichukuliwa na watu wasiojulikana, kila mmoja akiwa na msimbo halali wa kuchukulia mbegu, ambao chama humtumia kwa simu mkulima aliyesajiliwa. Hakuna aliyeandika misimbo iliyotumika, hivyo haikujulikana ilikuwa ya nani. Mvua zilikaribia; bila mbegu, msimu ungewapita.

Ripoti ya mfumo wa usajili wa chama ilionyesha namba moja ya simu chini ya majina mengi. Ilikuwa ya mwinjilisti Saulo. Akakamatwa.

Inspekta Evarista Kalinga alimhoji kwa utulivu. Saulo alieleza kwamba kwake ni juu kilimani, mahali pekee penye mtandao. Wasio na simu huandikisha namba yake, naye huwasomea ujumbe wao baada ya ibada.

"Na misimbo ya mbegu?"

"Niliisoma, mama. Walipofika Uyole, wakakuta ghala limefagiwa."

Inspekta alirudi mezani kwangu.

"Namba ya mwinjilisti imeandikwa namna moja kila mahali," alisema. "Haijifichi. Hizi zilizoandikwa ovyo umezijumlisha?"

Sikuwa nimezijumlisha. Niliandika amri ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata: REPLACE iondoe nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, RIGHT ichukue tarakimu tisa za mwisho, mbele yake iwekwe 255, namba ya nchi. Kisha GROUP BY ikusanye zinazolingana, na hesabu.

Juu kabisa, ikimpita Saulo, ilipanda namba nyingine. Hapa ilianza na sifuri, pale na 255, kwingine ilikatwa kwa vistari. Mfumo ulidhani ni simu za watu tofauti. Tulipouliza kwa simu, wakulima walioandikwa nayo hawakujulikana katika kijiji chochote.

"Washa gari," alisema Inspekta.

Katika ofisi ya chama, mtaa wa Soweto, Gwakisa, aliyeingiza taarifa za wakulima, alitukaribisha chai. Inspekta alibonyeza ile namba kwenye simu yake. Koti la Gwakisa likanguruma.

"Pokea, bwana."

"Nitampigia baadaye, afande."

"Ni mimi ninayepiga."

Gwakisa aliweka birika chini.

"Mbegu ziko kwa baba mkwe, vibarua niliowapa misimbo walizipeleka," alisema. "Hazijapandwa."

"Kwa nini?"

"Kila nikienda ukweni wananicheka. Eti mtu wa kompyuta, hata tuta hawezi. Nilitaka waone shamba langu, mara moja tu."

"Na Saulo?"

"Nilijua ripoti itamtaja yeye kwanza."

Mbegu zilifika Iringa kabla ya mvua, na Saulo akasoma ujumbe mpya baada ya ibada. Sasa mfumo hupokea namba katika umbo moja tu, na kila msimbo huandikwa na kufutwa mara unapotumika.