Sekunde Sita za Bi Somoe

Kinenaji kilimkaa Bi Somoe shingoni kama mkufu mwembamba wa kioo. Kilinasa fikra zake na kuzigeuza sauti, kwani ulimi wenyewe ulikufa ganzi alipopata kiharusi.

"Jaribu, mama."

"Chai hii umeipika, au umesuuza sufuria?"

Siwema aliangua kicheko hadi machozi yakamtoka. Hakuna kusubiri! Programu ya zamani iliandikwa kwa Mizani ya Pili, lugha ya kompyuta iliyosoma amri mstari kwa mstari kila ilipotumika. Neno la mama lilichukua sekunde sita kutoka. Mizani ya Tano, toleo jipya, ilizitafsiri amri zote mapema, mara moja tu. Siwema, mhandisi wa programu, alikesha mwaka mzima akiiandika upya programu kwa lugha hiyo mpya, ili apige soga na mama yake kama watu wengine.

"Haya, sema jingine. Lolote."

"Bora ungekufa wewe, abaki Shaibu."

Jikoni, roboti liliendelea kukata vitunguu.

Shaibu alikuwa kaka yake. Walikuwa pamoja ndani ya gari la angani lilipoanguka. Siwema peke yake ndiye aliyetolewa hai.

Alikumbuka taa ndogo ya kinenaji. Siku zote iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, ndipo sauti ikatoka: "Mungu akuweke, mwanangu." Alidhani ni hitilafu. Kumbe mama alikuwa akilimeza neno la kwanza na kutafuta la pili, na zile sekunde sita zilimtosha. Sasa hitilafu ile ameiondoa kwa mikono yake mwenyewe.

"Mashine imekosea, mama. Sivyo?"

"Haikukosea."

"Basi niombe msamaha. Hata wa uongo, nitaupokea. Nikurudishie ile ya zamani, tuishi kama tulivyokuwa."

"Usiirudishe. Nimechoka kumeza."

Siwema alipiga magoti, akaushika mkono wa mama yake uliopooza, akautia shavuni. Akangoja. Moja, mbili, tatu... Alihesabu hadi sita kwa mazoea, akiiombea ile taa izimike na kuwaka tena.

Taa iliwaka mara moja tu.

"Radhi zangu unazo zote, mwanangu. Msamaha sikuombi."