Mama Sofia Hataki Kuhama

Soko la Mulongwe lilikuwa limefurika watu asubuhi ile Fadhila alipoingia kwa seremala na kiti kipya cha plastiki kichwani.

"Toboa hapa katikati," alisema. "Tundu kama sahani."

Seremala, kijana mrefu mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope, alimkodolea macho. "Dada, kiti mupya hivi? Weye iko muzima kweli?"

Wateja wakaangua kicheko. Fadhila, kitenge chake cha kijani kikiwa kimemkaa sawasawa kiunoni, hakucheka. "Ni ya mama mumoja muzee. Magoti yake imekufa, hawezi kuchutama mu choo. Haya, cheka tena."

Kijana alinywea. Akatoboa, akalainisha kingo kwa msasa zisimkwaruze mzee, kisha akakibeba kiti mwenyewe hadi kwa Mama Sofia, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa. Kijana huyo aliitwa Lukumani.

Fadhila na wanawake wenzake watano waliwaangalia wazee wa mtaa ambao watoto wao walikuwa mbali. Waliwaogesha, wakawachotea maji, wakawapikia uji, ili kila mmoja azeekee kwake, kati ya majirani zake. Lukumani naye akaanza kuja kila Jumapili. Alipigilia ukutani mbao za kushikilia, akachonga vizingiti vikawa chini, miguu mizito isijikwae.

"Chérie, mupenzi," alimpigia Fadhila simu siku moja, "leo natengeneza kwa nani?"

"Hakuna. Wazee wote wako sawa."

"Basi nakuja kukuangalia weye."

"Minye siko muzee!"

"Nitangojea uzeeke."

Mama Sofia aliwasikia wakitaniana akacheka ufizi wote. "Muoane haraka," alisema. "Minye siko na wakati." Alitaka jambo moja tu: kufia katika chumba alimozalia watoto wake.

Mwaka ule ziwa likapanda. Maji yalimeza ua wa matete, yakameza jiko, yakaufikia ukuta. Wanawake walijaza mchanga kwenye mifuko, wakaipanga ukutani, mpaka mikono ikachubuka. Lukumani aliugusa ukuta, kidole kikazama kwenye tofali. Akakipangusa tope, akatoka nje na simu yake.

Siku ya tatu baada ya hapo gari lilisimama mlangoni. Tariki, mtoto wa Mama Sofia aliyeishi Bukavu, alimnyanyua mama yake kitandani. Mama aliing'ang'ania mbao ya ukutani, Tariki akambandua kidole kimoja kimoja.

"Fadhila! Unaniacha hivi?"

"Nani alikuita?" Fadhila alimuuliza Tariki.

"Lukumani. Mungu amubariki."

Gari halijapotea, Fadhila alikuwa kwenye simu. "Umemuuza!"

"Ukuta unaanguka, mupenzi. Niliugusa."

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa Bukavu! Tungemupeleka kwa mwenzangu Olive, nyumba ya tatu kutoka pale, hapa hapa mu mutaa yake!"

Lukumani hakuwa amewaza hilo.

Wiki mbili baadaye ukuta ulianguka mchana kweupe, na paa juu yake. Majirani walisema Lukumani amemwokoa mzee. Fadhila alishika simu yake, akatafuta jina la Lukumani, akakaribia kubonyeza. Kabla hajakata shauri, Tariki akapiga kutoka Bukavu. Mama alikuwa ameacha kula. Kila asubuhi aliuliza hii ni nyumba ya nani. Walikuwa wamekwisha kumzika kulekule, mlimani.

Lukumani alikuja na shati lililopigwa pasi. Alimkuta Fadhila akimwosha miguu mzee Kizito, kipofu.

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe." Na ilikuwa kweli.

"Basi nikuoe, Fadhila. Nakuomba mbele ya baba huyu."

Fadhila hakuinua uso. "Nakupenda. Lakini kila ukisema na minye, nasikia mama anaita mu ile gari."

"Hiyo itapita."

"Hiyo njo naogopa: ipite, nimusahau."

Lukumani aligeuka akatoka, hatua zake zikafifia.

"Ni muntu muzuri, yule," Kizito alisema. "Mukimbilie, binti yangu."

"Najua, baba. Ni muzuri." Lakini alibaki amechuchumaa, mikono ndani ya beseni, mpaka maji yakapoa.

Jumamosi Lukumani alipanda boti ya kwenda Kalemie na sanduku lake la vifaa vya useremala. Fadhila aliisikia honi akiwa kwa mzee wa pili wa siku hiyo. Alimgeuza ubavu, akavuta shuka iliyolowa, akatandika nyingine.