Sahihi ya Fundi Mkuu

Waligongana mlangoni mwa jengo la kampuni, asubuhi watu walipokuwa wakisukumana kuwahi kazini. Karatasi za dada mmoja zikatapakaa sakafuni. Kaka mmoja mwenye ovaroli ya buluu akainama kuziokota, akaisoma moja kwa sauti.

"'Semina ya Maadili Kazini.' Kumbe wewe ndiye mshauri anayekuja kutufunza kusema kweli?"

"Na wewe ni nani?"

"Fundi mkuu wa mabasi ya shule. Basi nianze na kweli ya kwanza: gauni hilo la kijani limekukaa."

Dada akacheka bila kupenda.

Kampuni ilikuwa imemwajiri kwa miezi miwili, awafunze madereva na mafundi, na amsikilize faraghani yeyote mwenye la moyoni. Haikupita wiki, simu za jioni zikaanza.

"Umefika nyumbani, laazizi?"

"Nimefika. Mama anauliza nacheka na nani."

"Mwambie mkwewe."

"Mkwe gani hajapiga hata hodi?"

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Kwenye semina kaka aliketi karibu na mlango, na maswali yakianza, hutoweka.

Wiki ya tano, fundi mmoja mzee aliingia chumbani kwa mshauri, akafunga mlango taratibu.

"Binti yangu, usinitaje. Mabasi manne yana breki mbovu. Fomu za ukaguzi zinasema ni mazima."

"Nani anazitia sahihi?"

Mzee akafungua mlango, akatoka.

Dada aliziomba fomu mwenyewe. Kila moja ilikuwa na sahihi ya fundi mkuu. Jioni ile simu yake iliita mara saba, hakupokea.

Asubuhi kaka akaingia bila kubisha, macho mekundu. "Niambie tu kama kuna mwanaume mwingine!"

Dada akamsukumia fomu mezani. Kaka akanywea.

"Meneja alisema nisiposaini nitafute kazi kwingine. Nikajiambia ni wiki moja tu. Huu mwezi wa tano."

"Na watoto je?"

"Usiniulize."

"Nakuuliza! Hayo mabasi yako wapi sasa hivi?"

Kaka akatazama saa. "Barabarani."

Akatoa simu. Dereva wa kwanza akapokea, akaambiwa asimame. Wa pili. Wa tatu. Wa nne, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Na tena. Chumbani ukasikika mlio ule tu. Hatimaye sauti ikatoka, inahema.

"Fundi, breki zimekataa kwenye mteremko! Nimelipandisha kwenye rundo la mchanga. Watoto wanalia, lakini wote wazima."

Kaka akateleza ukutani mpaka sakafuni, akalia kwa kwikwi. Dada hakumwambia anyamaze.

"Jina lako nitaliandika kwenye ripoti," alisema.

"Liandike. Mimi naenda polisi mwenyewe, niseme yangu na ya meneja." Akapangusa uso kwa mkono wa ovaroli. "Nilitaka kuja kwa mama yako Jumapili hii. Nilitaka kukuuliza..."

"Usiniulize leo. Kaseme kwanza. Ukishayasema yote, uniulize."

Walikwenda pamoja kwa miguu, mkono kwa mkono. Kituoni, askari wa mapokezi akainua kichwa, akauliza ni nani kati yao mwenye shida.

"Mimi," kaka akasema, akauachia mkono wa dada.

Mlango wa ndani ukafungwa nyuma yake. Dada akaketi kwenye benchi kungoja, asijue kama atangoja kwa saa au kwa miaka.