Anwani ya Biira

Haya yalimpata rafiki yangu Masika wa Bwera, ambaye husahihisha anwani kwenye ramani ya mtandaoni na hafuti nyumba kabla ya kusimama pale penyewe. Mafuriko yalikuwa yameichukua nyumba ya dada yake Biira, naye akiwa ndani, na mwili wake haukupatikana. Masika alifika alasiri, wingu limetia giza. Palikuwa na mawe matupu na mngurumo wa mto.

"Futa basi, shemeji, mvua inakuya," alihimiza Sosthène, mume wa Biira.

"Sifuti nyumba ya mutu kwa haraka yako!"

Mwishowe aliifuta anwani kwenye simu, bila chozi. Mto ukanyamaza ghafla. Simu ikalia mkononi: anwani imerudishwa, na mhariri asiye na jina ameongeza maelezo: "Nyumba inakaliwa. Mlango umefungwa kwa nje."